Lenzi Hudumu Kuliko Kamera: Mifumo Inayoshindana na Kazi ya Mpiga Picha wa Machakos

(Mhadhara uliotolewa mjini Machakos mbele ya wapiga picha, wanafunzi na maofisa wa kaunti)

Jioni hii tunazungumzia kitu ambacho wengi wenu hukigusa kila siku ya kazi bila kukitazama, yaani ile pete ya chuma iliyo mbele ya kamera, mahali lenzi inapoingia na kuzungushwa mpaka ikafunga. Mafundi wetu huiita maunti, nami nitaiita hivyo.

Kusudi langu ni kuonyesha kwamba anayenunua kamera hununua maunti kwanza, ajue asijue, na kwamba uamuzi huo utamfunga au utamfungulia njia kwa miaka mingi. Katika mji kama huu wetu, ambako bodi za kamera na lenzi nyingi hutufikia zikiwa tayari zimetumika na watu wengine Nairobi, Uingereza au Dubai, jambo hili linagusa riziki ya watu. Kijana anayepiga harusi Jumamosi na matanga Ijumaa hana fedha za kukosea mara mbili.

Nina hoja nne. Ya pili ni ndefu kuliko zote, naomba mnivumilie.

Hoja ya kwanza: dijitali ilituondolea kitu tulichokuwa tukishirikiana sote

Turudi nyuma kidogo. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, alibuni kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35, na Leica ikaingia sokoni mwaka 1925. Picha yake moja ilikuwa na kipimo cha milimita 24 kwa 36. Mwaka 1934 Kodak ikaanza kuuza filamu hiyo ikiwa imejazwa tayari ndani ya mkebe mdogo, ule uliopewa namba 135. Kuanzia hapo dunia ikawa na kipimo kimoja ambacho makampuni yaliyokuwa yakipigania wateja yalikiheshimu yote. Mohamed Amin alipoanzisha Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, au mwenye studio wa hapa Machakos alipofungua mlango wake asubuhi, angeweza kutia filamu ya Kodak, ya Agfa, ya Ilford au ya Fuji ndani ya kamera ya Kijapani, ya Kijerumani au Zenit ya Kirusi. Muuza filamu hakuwa na haja ya kumuuliza kamera yake ni ya kampuni gani.

Tena kila filamu bora ilipotoka, kamera zote za zamani ziliboreka siku hiyo hiyo. Fikirini jambo hilo. Kamera ya mwaka 1959 ilipata rangi nzuri za mwaka 1990 kwa kubadilishiwa mkebe tu.

Dijitali ilipokuja, filamu ikageuka kuwa sensa, na sensa ikafungiwa ndani ya bodi. Haitoki. Bodi ikaanza kuzeeka kama kompyuta inavyozeeka, na thamani yake kushuka kila toleo jipya linapotangazwa. Kinachobaki mkononi mwako miaka inapopita ni lenzi. Kioo kilichosagwa vizuri hakijui kama nyuma yake kuna filamu au sensa ya megapikseli 24. Ndiyo maana nasema lenzi ndiyo mali, na maunti ndiyo hati ya mali hiyo.

Msidhani maunti zenyewe ziliwahi kuelewana zote. Kulikuwa na jaribio moja kubwa la ushirika: skurubu ya M42, yenye kipenyo cha milimita 42, iliyoanza na Contax S ya Dresden mwaka 1949 na kufuatwa na Praktica, Pentax, Zenit na wengine. Lenzi ya mmoja ilikaa kwenye bodi ya mwingine. Kilichoiua ni kwamba kitu kinachofungwa kwa skurubu hakisimami kila mara mahali pale pale, na kamera za kisasa zilitaka vijiti vya kuendesha tundu la lenzi vikutane kwa usahihi. Pentax yenyewe iliiacha mwaka 1975 ikahamia maunti yake ya K. Kila kampuni ikajenga ua wake.

Hoja ya pili: milimita ndizo zinazotawala

Wanafunzi, chukueni kalamu. Kila maunti ina umbali uliowekwa kiwandani kutoka kwenye uso wa pete hadi kwenye sensa. Kwa Canon EF umbali huo ni milimita 44. Kwa Nikon F ni 46.5. Hizo ni kamera zenye kioo ndani kinachoruka juu unapobonyeza, na kioo kile kinahitaji nafasi. Kamera mpya zisizo na kioo zimekuwa nyembamba: Canon RF ni milimita 20, Sony E ni 18, Nikon Z ni 16.

Lenzi husanifiwa kwa kufuata umbali huo. Ikikaa mbele kuliko inavyopaswa, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, haitaweza tena kulenga vitu vya mbali. Utampata bwana harusi aliye hatua mbili mbele yako, lakini vilima vya Iveti nyuma yake vitabaki ukungu hata ukifunga tundu.

Kutokana na hili inazaliwa kanuni moja ambayo ningependa kila mnunuzi wa lenzi zilizotumika aishike. Lenzi iliyosanifiwa kwa umbali mrefu inaweza kwenda kwenye kamera yenye umbali mfupi, kwa sababu nafasi iliyobaki hujazwa na adapta. Lenzi ya umbali mfupi haiwezi kwenda kwenye kamera ya umbali mrefu, isipokuwa uongeze vioo vingine katikati, navyo hupunguza ubora. Piga hesabu mwenyewe: Canon EF kwenda Canon RF, 44 toa 20, adapta ya milimita 24. Nikon F kwenda Nikon Z, 46.5 toa 16, adapta ya milimita 30.5. Nikon F kwenda Canon EF, pete nyembamba ya milimita 2.5 inatosha. Canon EF kwenda Nikon F? Unahitaji adapta yenye unene wa kasoro milimita 2.5, na hakuna fundi wa chuma duniani anayeweza kukutengenezea hiyo.

Sasa tuangalie jambo lililowaumiza vijana wengi. Mwaka 2012 Canon ilileta kamera ndogo zisizo na kioo, familia ya EOS M, zenye maunti iitwayo EF-M na umbali wa milimita 18. Bodi yake ya EOS M50, iliyotoka mwaka 2018, ilipendwa sana na watu wa video kwa sababu ni nyepesi na ina skrini inayogeuka. Mwaka huo huo wa 2018 kampuni hiyo hiyo ikazindua RF, yenye milimita 20. Mmeshaona: 18 haiingii 20. Lenzi za EF-M haziwezi kupandishwa kwenye kamera za RF ingawa jina lililoandikwa mbele ni moja. Kufikia mwaka 2023 familia ya M ilikuwa imesitishwa. Aliyenunua lenzi tatu za EF-M alibaki nazo kwenye bodi isiyo na mrithi. Aliyenunua lenzi tatu nzito za EF, za kamera za zamani zenye kioo, alizibeba zote kwenda RF kwa adapta moja, zikiendelea kulenga zenyewe.

Wakazi wa kaunti hii wanaijua habari ya vipimo viwili kwa reli. Reli ya zamani, yenye upana wa mita moja, na reli mpya ya milimita 1,435 iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, zote zinapita katika ardhi yetu, na hakuna behewa linaloweza kutoka kwenye moja likateleza kwenda kwenye nyingine. Huko Tanzania, TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na Kidatu, inapokutana na reli ya mita moja, mizigo hushushwa na kupakiwa upya. Tofauti ni milimita 67 tu. Adapta ni Kidatu ya mpiga picha. Inafaa kuwapo, inavusha mzigo, lakini ina gharama yake.

Gharama hiyo ni nini? Hata milimita zikikubaliana, bado lenzi na bodi lazima zizungumze. Hapa historia ya makampuni mawili makubwa inafundisha sana. Mwaka 1987 Canon ilifanya jambo lililowakasirisha wateja wake: iliiacha maunti ya FD iliyokuwa ikitumika tangu 1971, ikaleta EF, ambayo mawasiliano yake yote ni ya umeme, bila kijiti wala gia kati ya bodi na lenzi. Waliokuwa na lenzi za FD waliachwa nyuma. Lakini kwa kuwa lugha ya EF ilikuwa ya umeme tangu siku ya kwanza, lenzi ya mwaka 1987 inafanya kazi leo kwenye bodi ya RF kupitia adapta rahisi, ikilenga yenyewe na kufunga tundu yenyewe. Kufikia mwaka 2014 Canon ilikuwa imetengeneza lenzi za EF milioni 100.

Nikon ilichagua njia nyingine. Maunti ya F ya mwaka 1959 haikuvunjwa. Umbo la pete lilibaki vile vile kizazi baada ya kizazi. Ni uaminifu mkubwa kwa mteja, nami nauheshimu. Hata hivyo ndani ya pete hiyo moja ziliingia lugha nyingi. Lenzi zilizotengenezwa kabla ya mfumo wa AI wa mwaka 1977 zinaweza kuharibu kijiti kwenye baadhi ya bodi za dijitali zikilazimishwa. Lenzi za AF na AF-D hazina mota. Huzungushwa na mota iliyo ndani ya bodi. Na kuanzia D40 ya mwaka 2006, Nikon ikaondoa mota hiyo kwenye bodi zake za bei nafuu, zile za mfululizo wa D3000 na D5000 ambazo ndizo zimejaa sokoni kwetu.

Hili nalisema polepole kwa sababu ndilo linalotokea kila wiki. Kijana ananunua D3200 iliyotumika. Anasikia kwamba lenzi ya milimita 50 f/1.8D ni nzuri na bei yake ni nafuu. Anainunua, inaingia, inafunga vizuri, picha inaonekana. Lakini hailengi yenyewe. Si mbovu, mota haiko kwenye lenzi wala kwenye bodi. Angechukua D90 au D7000, lenzi hiyo hiyo ingelenga. Ukihamia kwenye kamera za Z, adapta ya FTZ nayo haina mota, kwa hiyo tatizo litakufuata hadi huko.

Kuna jambo la tatu ndani ya hoja hii, nalo ni duara. Kila lenzi hutupa duara la mwanga nyuma yake. Sensa kubwa, ya milimita 36 kwa 24, inahitaji duara kubwa. Sensa ndogo ya takriban milimita 24 kwa 16 inatosheka na dogo. Lenzi za EF-S za Canon zilibuniwa kwa sensa ndogo na hazipandi kabisa kwenye bodi za EF zenye sensa kubwa. Lenzi za DX za Nikon hupanda, ila bodi hukata pembeni. Kwa upande mwingine, lenzi ya milimita 50 kwenye sensa ndogo huona sehemu finyu, kana kwamba ni ya milimita 75. Ndani ya sebule ndogo mnapopiga sherehe za mahari, ruracio au ntheo, mgongo wako utagonga ukuta kabla bibi arusi na shangazi zake hawajaenea kwenye picha.

Basi ukienda kununua, uliza: umbali ni upi, mota iko wapi, duara linatosha? Muuzaji asiyeweza kujibu, mwombe uijaribu lenzi kwenye bodi yako pale pale kaunta kabla hujatuma pesa.

Hoja ya tatu: ufunguo uko mikononi mwa nani

Milimita ni za kila mtu. Unaweza kuzipima kwa rula nzuri. Lugha ya umeme ni siri ya kampuni, na baadhi ya teknolojia yake hulindwa kwa hataza. Mwaka 2011 Sony ilianza kutoa maelezo ya msingi ya maunti yake ya E kwa watengenezaji wengine bila malipo, kwa masharti yake. Matokeo ni kwamba leo Tamron, Sigma, Samyang na Viltrox wote wanatengeneza lenzi za E, na mnunuzi ana bei nyingi za kuchagua. Canon ilipoleta RF ilifunga mlango. Mwaka 2022 iliitaka Viltrox, kampuni ya Kichina, iache kuuza lenzi zake za RF zinazolenga zenyewe. Ni mwaka 2024 ndipo Sigma na Tamron zilipotangaza lenzi za RF kwa ruhusa, tena za sensa ndogo.

Nawaelewa wanaosema kampuni imetumia fedha nyingi kwenye utafiti na ina haki ya kuvuna. Haki hiyo ninaikubali. Lakini anayelipia mlango uliofungwa ni yule mwenye uwezo mdogo, kwa sababu lenzi za bei nafuu ndizo zinazozuiwa kwanza. Mtu wa gazeti kubwa la Ulaya hatatikiswa na jambo hilo. Mpiga picha wa Masii atatikiswa.

Je, uwazi peke yake unatosha? Hapana. Olympus na Kodak walitangaza mfumo wa Four Thirds mwaka 2002, wakaualika ulimwengu wote wa kamera, na Olympus E-1 ikatoka mwaka uliofuata. Wazo lilikuwa zuri: sensa moja, maunti moja, makampuni mengi. Waliojiunga kwa dhati walikuwa wachache, na mwaka 2008 Olympus na Panasonic wakageukia Micro Four Thirds, mfumo mfupi zaidi usio na kioo. Kilichonifurahisha ni jinsi walivyowatendea wateja wa zamani: walitoa adapta, na mwaka 2013 Olympus ikatoa E-M1 ambayo sensa yake iliwekewa uwezo wa kulenga vizuri kwa lenzi zile za kwanza. Kampuni inaweza kuhama bila kuwatelekeza watu wake. Mwaka 2018 Leica, Panasonic na Sigma nao wakaungana katika maunti ya L, na muungano huo umeendelea kupata wanachama.

Mtaniuliza ninasimama wapi. Kwa anayeanza leo hapa Machakos na fedha kidogo, nasimama na lenzi za EF zilizotumika, kwa sababu ni nyingi sokoni, mafundi wanazijua, na zinavuka kwenda mbele. Kwa mwenye uwezo wa kununua kipya, ningemwelekeza kwenye maunti ambayo makampuni kadhaa yanaitengenezea lenzi: E, L au Micro Four Thirds. Megapikseli asizitazame mpaka hilo liishe.

Na tusinunue kila mtu peke yake. Ukambani tuna mwethya. Akina mama na akina baba wa nchi hii walichimba matuta ya fanya juu kwa mwethya, shamba la huyu leo, la yule kesho. Wapiga picha kumi wakikubaliana maunti moja, lenzi ndefu ya gharama kubwa ambayo kila mmoja anaihitaji mara chache kwa mwaka inaweza kununuliwa moja na kuzunguka. Wakiwa na maunti tano tofauti, mwethya huo hauwezekani hata wakipendana namna gani.

Hoja ya nne: picha za umma zina deni kwa wajao

Hapa naomba maofisa wa kaunti wanisikilize kwa karibu. Mwaka 1937 ofisa aliyeitwa R. O. Barnes alipiga picha za ardhi ya Machakos iliyokuwa imechakaa kwa mmomonyoko. Zaidi ya miaka 50 baadaye, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walirudi kwenye mandhari zile zile, na kitabu chao cha mwaka 1994 kikaweka picha za nyakati hizo mbili pamoja. Idadi ya watu wa wilaya ya wakati huo ilikuwa imepanda kutoka takriban 240,000 miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na vilima vilivyokuwa vipara vilikuwa vimejaa matuta na miti. Picha hizo zimesomwa duniani kote. Ni ushahidi wa kazi ya watu wa hapa, na huenda ndizo picha muhimu kuliko zote zilizowahi kupigwa katika eneo hili.

Ili mtu arudie picha kwa haki, anahitaji kusimama palepale, na kujua lenzi ilikuwa na urefu gani na filamu au sensa ilikuwa na ukubwa gani. Kamera ya dijitali huandika habari za lenzi yenyewe ndani ya faili, mradi lenzi na bodi zinazungumza. Ukitumia adapta bubu, ile pete tupu isiyo na umeme, sehemu hiyo hubaki tupu au huandikwa uongo. Kwa kazi ya harusi haidhuru. Kwa kazi ya kumbukumbu ya ardhi, inadhuru.

Faili nazo zina maunti zake. Nikon huhifadhi picha ghafi kwa NEF, Canon kwa CR2 na sasa CR3, Sony kwa ARW, kila moja ikihitaji programu inayoielewa. Adobe ilitoa muundo wa DNG mwaka 2004 na kuuweka wazi kwa wote. Ofisi ya umma inayopiga picha za mipaka, barabara au mabwawa ya mchanga inafaa ihifadhi nakala ya DNG au TIFF kando ya faili ya awali, pamoja na karatasi yenye mahali, tarehe na lenzi.

Kuhusu ununuzi: kifungu cha 60 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 hakitaki zabuni iegemee jina la kampuni pale ambapo kitu kinaweza kuelezwa kwa sifa zake. Ni sheria nzuri, lakini nimeona inavyoweza kuleta kamera bora na lenzi bora zisizoingiliana. Dawa ni kueleza sifa kikamilifu: andikeni maunti ya lenzi ambazo ofisi tayari inazo, andikeni kwamba bodi mpya lazima izilenge na kuendesha tundu lake, moja kwa moja au kwa adapta itakayoletwa pamoja nayo, na ijaribiwe siku ya kupokelewa. Wale walioota tasnia ya filamu ya Machawood wakati wa Gavana Alfred Mutua, na wanaoendelea kupiga filamu na video za muziki wa Kikamba leo, wanajua jinsi seti moja ya lenzi zinazoingiliana inavyookoa siku ya kazi.

Mwaka 2037 picha za Barnes zitatimiza miaka 100. Napendekeza kaunti, vyuo vyetu na wapiga picha wa mji huu waanze sasa: tutafute sehemu zilizopigwa mwaka 1937 na kurudiwa baadaye, tuziwekee alama za GPS, tuchague maunti moja na lenzi mbili zitakazotunzwa kwa ajili ya kazi hiyo, na tuzipige kila baada ya miaka michache badala ya kungoja karne. Walimu wa jiografia mlio hapa, hii ni kazi ya mikono ya wanafunzi wenu. Mezani karibu na mlango kuna daftari. Mkitoka, andikeni jina, simu, na maunti za lenzi mlizo nazo nyumbani, hata zile za zamani za skurubu, tujue tunaanza na nini.